Injini ikigoma baada ya kuchemka
KUPANDA kutoka bonde la Mto Nithi, katika barabara kuu ya Embu kwenda Meru, huilemea injini. Rejeta yenye maji haba huchemka, gari likazimika na kukataa kuwaka. Wengi hulaumu betri na kuzidi kukaza ufunguo, na hapo ndipo hasara huongezeka.

Sharti injini ipoe kwanza; kifuniko cha rejeta hakifunguliwi ingali moto. Kisha kichomolewe kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia: yamkini gaskiti ya hedi imeungua. Oili safi, hata hivyo, si ithibati kamili.

Stata ikigonga na kukwama, huenda maji yamejaa ndani ya silinda, nayo maji hayabanwi; kulazimisha, au kulisukuma gari mteremkoni, kwaweza kupinda mkono wa pistoni. Ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, mgandamizo umepotea. Huko Chuka, fundi ataanza kwa kuchomoa plagi.