Wimbo Huvuka Ziwa, Jina Hubaki Pwani

Jua likishatua nyuma ya milima ya Kongo, wavuvi wa Rumonge husukuma vyombo vyao majini na kuwasha taa za kuvutia ndagala. Askari wa doria apitaye barabarani huziona taa hizo zimetapakaa ziwani mithili ya mji wa pili. Huku nchi kavu, penye maduka na vibanda vya samaki, redio bado hazijazimwa. Ghafula hupigwa wimbo wa zamani, na mama muuza mawese, kijana wa baiskeli na mzee aliyeketi barazani huupokea kwa pamoja, neno kwa neno. Waulize basi aliyeutunga ni nani. Wa kwanza atataja jina lisilohusika, wa pili atataja bendi, na wa tatu atacheka tu.

Ndugu msomaji, makala haya yanawahusu wanamuziki wa namna hiyo: watu waliojaliwa wimbo mmoja uliopendwa kupita kiasi, hata nyimbo zao nyingine zikafunikwa, na mara nyingi wao wenyewe wakafunikwa pamoja nazo. Wako wanaoliona jambo hilo kuwa dogo, la maongezi ya barazani. Kwa maoni yangu ni jambo la haki. Na haki ni amana waliyokabidhiwa wenye kuvaa sare.

Tuanze na binti wa mwambao huu huu. Khadja Nin alizaliwa mwaka 1959 mjini Bujumbura, zaidi ya kilomita 70 kaskazini ya Rumonge. Mwaka 1980 alihamia Ubelgiji, na katika miaka ya 1990 akatoa albamu kadhaa, akikitumia sana Kiswahili. Hata hivyo, huko Ulaya wengi humkumbuka kwa wimbo mmoja tu, "Sambolera", wa mwaka 1996. Wakati huo Burundi ilikuwa imo katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1993, na yamkini wengi walioucheza hawakujua hata nchi ya mwimbaji iko upande gani wa Afrika. Pamoja na hayo Khadja Nin ana bahati: wimbo umesafiri mbali, na jina lake limesafiri nao.

Si wote waliopata bahati hiyo. Ng'ambo ya ziwa, katika nchi iliyoitwa Zaire tangu mwaka 1971 hadi 1997, alikuwapo mwimbaji Nguashi Ntimbo pamoja na bendi ya Festival du Zaïre. Hao ndio waliotangulia kurekodi "Shauri Yako". Baadaye wimbo huo ulirekodiwa tena na Orchestra Super Mazembe, kundi la Wazaire waliopiga kambi Nairobi mwaka 1974, na sahani yao ndiyo iliyotamba Afrika Mashariki. Leo ukitaja "Shauri Yako", aghalabu utajibiwa: Super Mazembe. Sifa ya kuupiga kwa ustadi ni yao, na hakuna wa kuwanyang'anya. Walakini sifa ya kutangulia ni ya Nguashi, na ni wachache wanaoikumbuka.

Mfano mzito kupita yote ni "Malaika". Fadhili William, mzaliwa wa Taita nchini Kenya, aliurekodi wimbo huo mwanzoni mwa miaka ya 1960 akiwa na Jambo Boys. Mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte waliutia katika albamu yao iliyosikika dunia nzima, na mwaka 1981 Boney M. nao wakaurekodi. Fadhili alikuwa na nyimbo nyingine, lakini hadi alipofariki mwezi Februari 2001 alijulikana kwa huo mmoja. Na hata huo hakuachiwa kwa amani. Mtanzania Adam Salim alidai kwamba yeye ndiye aliyeutunga mjini Nairobi mwaka 1945. Na Grant Charo wa Kenya naye alitajwa kuwa mtunzi. Hivyo mtu aliyekuwa na mali moja tu duniani aliishi akiulizwa kama kweli mali hiyo ni yake.

Tujiulize: jina la mtu hupoteaje? Hupotea kidogo kidogo. Katika zama za santuri, wanamuziki wengi walilipwa mara moja, siku ya kurekodi, kisha basi. Jina liliandikwa kwa herufi ndogo katikati ya sahani, na sahani ikichakaa jina lilifutika kwanza. Zikaja kaseti, zikanakiliwa pasipo karatasi yoyote. Siku hizi nyimbo hupitishwa kutoka simu hadi simu, na nyingi hazina hata jina la bendi. Burundi ilitunga sheria ya kulinda haki za watunzi mwaka 2005, lakini sheria haiwezi kumlinda mtu ambaye hakuna anayemtaja.

Hapa ndipo askari anapohusika. Polisi aliyefunzwa kazi hamkubali shahidi anayesema "nimesikia". Humwuliza: uliona nini, lini, na nani alikuwapo? Wimbo nao una maswali yake manne: aliyeutunga ni nani, aliyeuimba kwanza ni nani, aliyeurekodi ni nani, na aliyeueneza ni nani? Pengine majibu yote ni mtu mmoja, pengine ni watu wanne, na kila mmoja ana fungu lake. Anayeyachanganya majibu hayo humpa mmoja jasho la mwenzake.

Mwanajeshi naye anajua thamani ya jambo hili. Wanajeshi wa Burundi waliopelekwa Somalia kuanzia mwaka 2007 hawahitaji kufundishwa jinsi wimbo wa nyumbani unavyomsimamisha mtu usiku wa lindo. Anajua pia kwamba askari aliyetumikia miaka thelathini huweza kukumbukwa kwa siku moja tu, na kwamba huumia siku hiyo inapoandikwa kwa jina la mwingine.

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Watunzi hawa hawakuomba sanamu wala barabara zenye majina yao. Wimbo mmoja mwema si haba. Wengi wetu hatutaacha hata huo. Basi usiku wa leo, taa zikiwaka ziwani na redio ya kibandani ikianza kupiga wimbo unaoujua, imba kwa furaha pamoja na wenzako. Ukiisha, uliza ni wa nani. Na ukijibiwa sawasawa, lishike jina hilo na kumwambia mwenzako wa zamu inayofuata.