Mguu Uliokatwa na Mashine, na Jinsi Unavyopona

Katika mkutano wa wanafunzi wa zamani Mhariri aliniona nikichechemea, akauliza habari, nami nikamweleza. Basi akaniomba niwaandikie wanafunzi maneno machache juu ya ajali za mashine. Nimekubali, lakini ombi lake nimelibadili kidogo. Ajali yenyewe haina maneno mengi, maana ilikwisha kabla sijapepesa macho. Habari kubwa ni ile miezi iliyofuata. Tulipokuwa shuleni tulifundishwa katika karakana namna ya kushika msumeno na namna ya kulinda macho. Namna mguu unavyopona hatukufundishwa, na kwa kutojua nilikaribia kuuharibu mguu wangu mara ya pili.

Kazi yangu ni kutengeneza mageti na madirisha ya chuma huko Katwe, mtaa wa Kampala ambao kila apitaye njia ya Entebbe anaujua kwa kelele za nyundo. Siku hiyo, mwaka 2022, nilikuwa nikikata vyuma kwa grainda kubwa, yaani ile mashine ya mkono yenye kisahani cha kukatia cha milimita 230. Umeme ukakatika. Jambo hilo tumelizoea, basi nikaiweka mashine juu ya meza nikaenda kunywa chai. Plagi sikuichomoa. Swichi ya mashine ile ni ya aina inayojifunga ikisukumwa mbele, hata mtu akiachia mkono. Kinga ya kisahani nilikuwa nimeiondoa juma lililotangulia, kwa sababu ilinizuia kuuona mstari wa chaki. Na miguuni nilivaa lugabire, viatu vya matairi. Niliporudi na kusimama mbele ya meza, umeme nao ukarudi. Mashine ilijirusha kama kambare aliyetolewa majini, ikaanguka, ikanipata juu ya mguu wa kushoto.

Kwa wale wapendao hesabu: mashine ya namna ile huzungusha kisahani kama mara 6,500 kwa dakika. Tafuteni mzingo wa kisahani, mzidishe kwa idadi hiyo, nanyi mtaona kwamba ukingo wake huenda karibu mita 78 kwa sekunde, yaani kama kilomita 280 kwa saa. Tena haukati kama kisu, husaga. Kidonda chake ni mfereji uliojaa unga wa chuma, vumbi la kisahani na vipande vya mpira wa kiatu.

Kijana mmoja alikuja mbio na mafuta ya taa, mwingine na majivu. Mzee mmoja mchomeleaji aliwafukuza wote wawili. Alinilaza chini, akauweka mguu wangu juu ya kiti, akachukua shati safi lililofuliwa na kulibonyeza juu ya kidonda kwa kiganja chake. Nilipotaka kutazama akasema, "Mwanangu, acha. Ukifunua, damu inaanza upya." Alisema kweli. Damu huganda yenyewe ikibanwa bila kuachiwa kwa muda wa dakika kumi au zaidi, na kila anayefunua ili aone kama imekoma huibandua ile iliyokwisha kuganda. Mafuta ya taa huunguza nyama iliyo hai, na majivu ni uchafu mwingine tu ambao daktari atakuwa na kazi ya kuuosha. Kisha tukapanda bodaboda, mimi katikati, mzee nyuma akiwa ameushika mguu wangu hewani. Watu watatu juu ya pikipiki moja si jambo la kuigwa, lakini tulifika.

Sasa, msomaji, vua kiatu. Nyanyua kidole gumba cha mguu peke yake. Utaona juu ya mguu kama kamba inayosimama chini ya ngozi, kutoka kifundoni hata kidoleni. Hiyo ndiyo kano inayokinyanyua kidole. Katika mguu, kuanzia kisigino hata vidole, kuna mifupa 26, na upande wa juu nyama ya kuifunika ni kidogo mno: ngozi, kano, kisha mfupa. Kwa hiyo kisahani hakikuwa na safari ndefu. Kano yangu ilikatwa kabisa, mfupa mrefu ulio nyuma ya kidole gumba ukavunjika, na mshipa mdogo wa fahamu, ule unaohisi kati ya kidole gumba na cha pili, ukaenda pamoja nao.

Hospitalini nilichomwa kwanza sindano ya pepopunda. Vijidudu vya ugonjwa huo hukaa udongoni na katika mavi ya wanyama, navyo hupenda mahali pasipo na hewa, kama vile ndani ya kidonda kirefu chenye nyama iliyokufa. Watu husema kutu ndiyo iletayo pepopunda. Kutu peke yake haina neno, ila chuma chenye kutu kwa kawaida kimelala udongoni. Kisha mguu ukapigwa picha ya eksirei, nikalazwa usingizi, kidonda kikaoshwa kwa lita nyingi za maji ya chumvi na nyama iliyokufa ikaondolewa.

Nilipozinduka niliona jambo la kunitia hofu: kidonda hakikushonwa. Kilifunikwa tu kwa kitambaa. Nilidhani daktari amechoka, au kwamba nasubiriwa nilipe kwanza. Baadaye nikaelezwa kwamba hiyo ndiyo kanuni ya kidonda kichafu. Ilifahamika vizuri katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, huko Ufaransa na Ubelgiji, ambako askari walipigwa risasi na vipande vya mizinga katika mashamba yaliyojaa samadi. Vidonda vilivyoshonwa siku ile ile vilioza, kwa kuwa vijidudu vilifungiwa ndani. Waganga wa vita wakajifunza kukata nyama iliyokufa, kukiacha kidonda wazi siku kadhaa, na kukifunga kikiwa safi. Mimi nilirudishwa chumba cha upasuaji siku ya tano. Kano ikaunganishwa, waya mbili nyembamba zikapitishwa katika mfupa ili usicheze, ngozi ikashonwa, na mguu ukawekwa katika plasta.

Hapa ndipo ilipoanza kazi niliyotaka kuieleza. Baada ya majuma mawili nyuzi zilitolewa. Ngozi ilikuwa imefunga vizuri, nami nikajihesabu kuwa mzima. Mteja aliyekwisha kunipa fedha za geti alikuwa akipiga simu kila asubuhi, na karo ya watoto ilikuwa inakaribia. Juma la tatu nikaenda karakana kwa siri, nikasimama kwa kisigino saa nne, huku najiambia kwamba kisigino hakikukatwa. Jioni mguu ulikuwa umevimba hata plasta ikabana, vidole vimekuwa rangi ya zambarau, na pembe ya kovu imefunguka.

Ngozi ndiyo iliyonidanganya. Kovu la majuma matatu lina kama sehemu moja ya tano tu ya nguvu za ngozi ya kawaida. Likifika miezi mitatu hukaribia sehemu nne za tano, wala halifiki kamili maisha yote. Mfupa ule huhitaji majuma sita hata manane ili ushikane. Kano ni ya ajabu zaidi: katika siku za kwanza baada ya kushonwa, ncha zake hulainika kabla ya kushikana, hata mtu anapojiona ana nafuu, ndipo mshono unapokuwa dhaifu. Na mshipa wa fahamu, ukipata njia, hukua kama milimita moja tu kwa siku. Basi ndani ya mguu mmoja kulikuwa na saa nne, kila moja na mwendo wake, nami nilikuwa nikisoma ile inayokwenda mbio kuliko zote.

Juu ya uvimbe niseme neno, kwa sababu wengi hudhani ni uchafu wa damu. Damu hushuka mguuni kwa urahisi, lakini kupanda inahitaji kusukumwa, na msukumaji ni msuli wa ndama wa mguu unaojikaza tunapotembea. Mtu aliyefungwa plasta hatembei, basi damu na maji hutuama. Dawa yake ni kuuweka mguu juu kuliko moyo. Kuuweka juu ya kigoda huku umekaa kitini hakutoshi. Lala, weka mito miwili. Daktari alinigombeza kwa upole, akapiga picha, akaona mfupa haukuhama, akaniongezea majuma mawili ya plasta. Nilikuwa na bahati.

Majirani walinijali sana. Kila Jumamosi aliletwa mtu na bakuli la mulokoni, ile supu ya kwato za ng'ombe ambayo Kampala nzima huamini kwamba huunga mifupa. Tumbo huivunjavunja supu hiyo kama chakula kingine, wala haina njia ya mkato kwenda mguuni, lakini mwili unaojenga nyama unahitaji chakula cha kujenga, iwe maharagwe, mayai au mukene. Niliinywa yote. Kitu kilicho na madhara ya hakika kwa mfupa unaounga ni sigara.

Magongo nayo yana elimu yake. Uzito hubebwa na viganja, si makwapa, kwa kuwa chini ya kwapa hupita mishipa ya fahamu ya mkono, nayo ikibanwa siku nyingi mkono hulegea. Ngazini, mguu mzima hutangulia kupanda, na mguu mgonjwa hutangulia kushuka. Mpira wa ncha ya gongo ukilika, udongo mwekundu wa Kampala wakati wa mvua utakuangusha mchana kweupe. Nilikata mipira mipya kutoka tairi kuukuu, nayo ilidumu kuliko ile ya dukani.

Waya zilipotolewa nilipelekwa kwa mama mmoja mtaalamu wa viungo. Nilitazamia mashine. Akanipa chupa ya soda niiviringishe chini ya wayo, taulo nilikunje kwa vidole, na beseni la maharagwe makavu nitie mguu ndani yake na kuukorogakoroga. Beseni lile lilikuwa kwa ajili ya kovu, ambalo halikuweza kuvumilia hata shuka kuligusa. Mishipa iliyojeruhiwa hupiga kelele kwa kila kitu, na huzoezwa kidogo kidogo: kwanza pamba, kisha taulo, kisha maharagwe. Nilipolalamika kwamba hayo ni mambo ya jikoni, alinikumbusha kwamba tiba ya viungo Kampala ina desturi ndefu ya kutumia vilivyopo. Mwaka 1960 alikuja hapa daktari wa mifupa Ronald Huckstep, akafanya kazi Mulago wakati polio ilipokuwa ikilemaza watoto wengi wa Uganda. Vyuma vya miguu kutoka ng'ambo vilikuwa ghali, basi akasimamia vitengenezwe hapa hapa kwa vitu rahisi. Mwaka 1972 alikwenda Australia kuwa profesa, na mwaka 1975 kikatoka kitabu chake juu ya polio kwa nchi zinazoendelea. Mimi fundi chuma niliona haya kidogo.

Neno lake gumu lilikuwa hili: "Kanyaga kilo kumi juma hili, ishirini juma lijalo." Nani ajuaye kilo kumi za mguu? Basi nilikwenda kwa jirani anayenunua vyuma chakavu, nikaweka mguu wa kushoto juu ya mizani yake, nikakanyaga hata mshale ukafika kumi, nikaikariri nguvu ile kwa mwili. Wauzaji wa vyuma waliniuliza kilo yangu ni shilingi ngapi.

Mwezi wa tano nilijaribu kutembea kutoka Katwe kupitia Mengo hata kanisa la Namirembe. Kupanda kuliniuma kwenye kiungo cha kidole gumba, kwa sababu mtu apandapo kidole hicho hupindwa sana kila anapoacha ardhi. Kushuka ndiko kulikoniaibisha: mguu uliangukia chini kwa kishindo kama kandambili kubwa, maana misuli ya kuushusha polepole ilikuwa imesinyaa kwa kukaa. Niliambiwa nivae kiatu chenye soli ngumu, kisichopinda, na nishuke kilima kila siku. Miezi mingine mitatu ikapita hata kishindo kikaisha.

Karakana yetu sasa ina swichi ya sumaku. Ndani yake mna koili ambayo umeme ukipita huwa sumaku na kuishika njia ya umeme imefungwa. Umeme ukikatika sumaku hufa, springi huifungua njia, na umeme ukirudi hakuna mashine inayoamka mpaka mtu abonyeze kitufe kwa kidole chake. Kinga ya kisahani imerudi mahali pake, na buti za ngozi ni sharti. Wengine huuliza juu ya buti zenye kofia ya chuma. Nazivaa, ila kofia ile hufunika vidole tu, nami nilikatwa nyuma yake.

Kidole gumba changu hupanda nusu ya kile cha kulia. Kati yake na cha pili pana mahali padogo pasipohisi kitu. Siafu aliwahi kuniuma hapo, nikajua nilipomwona. Na kandambili hunitoka mguu wa kushoto kila niendapo kuoga, hata mke wangu amezishonea mkanda wa nyuma.