Ndoa kama Silaha ya Mtawala: Liyongo na Sindano ya Shaba

Swali kuhusu mighani linapotokea katika karatasi ya tatu, watahiniwa wengi huandika kwamba Fumo Liyongo aliuawa na mwanawe "kwa tamaa ya mke". Jibu hilo lina ukweli, ila ni nusu ya jibu. Linamtia kijana hatiani na kumwachilia aliyemtuma.

Hebu, mwalimu mwenzangu, turejee kisa jinsi Muhamadi Kijumwa wa Lamu alivyokitungia utenzi mwaka 1913. (Masimulizi hutofautiana. Mtahadharishe mtahiniwa asiyachanganye.) Mfalme wa Pate, Daudi Mringwari, anamhofu Liyongo kwa kuwa ana nguvu na umma unamstahi. Anamtia gerezani. Liyongo anakata minyororo kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa ulioletwa na mjakazi Saada, huku kelele za ngoma zikifunika mlio wa chuma. Nguvu imeshindwa, basi mfalme anageukia hila: anamwahidi mwana wa Liyongo kumwoza binti yake iwapo atapeleleza kinachoweza kumuua babake.

Tazama jinsi hila hiyo inavyofanya kazi. Mringwari hatawaliwi na mapenzi yoyote. Ndiyo maana anaweza kuyatumia ya wengine. Kijana anatamani mke. Liyongo anampenda mwanawe, na ndiyo sababu anaulizwa siri na kuitoa: sindano ya shaba kitovuni. Wako wasimulizi wanaosema alihisi kwamba mtoto ametumwa, na bado akamwambia. Hapa ndipo tanzia ilipo. Shujaa asiyechomeka kwa mkuki anaangushwa na huba ya mzazi. Binti aliyeahidiwa, kwa upande wake, haulizwi lolote. Ukiulizwa kuhusu nafasi ya mwanamke katika mighani hii, usimsahau.

Kuna jambo ambalo miongozo mingi hulipita. Mwana huyo mwenyewe ni tunda la ndoa ya kisiasa. Waoromo, ambao utenzi unawaita Wagala, waliposikia sifa za Liyongo walimtaka kwao awazalie mbegu ya ushujaa, wakampa mke. Hivyo basi ndoa iliyotafutwa ili kupata shujaa wa pili ndiyo iliyomzaa muuaji wa shujaa wa kwanza. Kinaya hiki pekee kinatosha aya nzima katika insha.

Baada ya kudungwa, Liyongo anajikokota hadi kisimani, anapiga goti na kuvuta uta, anakata roho katika hali hiyo. Watu wanamdhania yu hai, hawathubutu kuteka maji. Mwanafunzi wa Kawangware au Kangemi anayenunua maji kwa mtungi haitaji kufafanuliwa maana ya mji uliofungiwa kisima. Na mke je? Kijana hakumpata.

Kithaka wa Mberia, aliyefunza katika Chuo Kikuu cha Nairobi, aliuleta mtego huo katika jukwaa la kisasa mwaka 2001 kwa tamthilia yake Kifo Kisimani, iliyowahi kutahiniwa katika KCSE. Mtemi Bokono wa Butangi anashindwa kumnyamazisha Mwelusi. Gege anaahidiwa binti ya Mtemi, naye anamuua nduguye kisimani. Mwana amegeuzwa ndugu, lakini chambo ni kile kile.

Hila hii si ya pwani yetu pekee. Wasomaji wa tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1963 wanamkumbuka Antony kama bingwa wa kuupotosha umati kwa maneno juu ya maiti ya Kaizari. Katika tanzia nyingine ya Shakespeare, Antony huyo huyo amezama katika mapenzi ya Cleopatra, na Octavius anamwoza dada yake, Octavia, ili kutengeneza mapatano ya kisiasa. Antony anamrudia Cleopatra, na Octavius anapata kisingizio cha vita. Anayependa anapoteza dola kwa asiyependa.

Wape wanafunzi swali hili, alama ishirini: "Aliyemuua Liyongo si mwanawe bali Mringwari. Jadili." Atakayekubali moja kwa moja mpunguzie alama, kwa maana kijana alikuwa na njia ndefu kutoka Pate hadi kwa babake, na angeweza kurudi.