Tufe Husukumwa, Halitupwi: Maelezo kwa Anayeanza

Kaunti yetu inajulikana kwa wakimbiaji. Catherine Ndereba, mzaliwa wa Nyeri, alishinda mbio za marathoni za Boston mara 4 na kuleta nyumbani medali 2 za fedha za Olimpiki, mwaka 2004 na 2008. Ndiyo maana siku ya michezo shuleni macho ya wengi huwa kwenye mbio. Mtoto mwenye mwili mkubwa ambaye hakufua dafu katika mbio huelekezwa kwenye kona ya uwanja, akakabidhiwa tufe na kuambiwa atupe. Hafundishwi chochote. Anatupa kama anayefukuza nyani shambani, kiwiko kinamuuma wiki nzima, na mwaka unaofuata hataki kusikia habari za tufe. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mtoto huyo, na ya mzazi au mwalimu aliye karibu naye.

Tatizo huanzia kwenye jina. Sisi husema kutupa tufe au kurusha tufe, ilhali jina la Kiingereza la mchezo huu limetokana na neno la kale lenye maana ya kusukuma. Kanuni nazo zinadai hivyo hivyo. Tufe huanza likiwa limegusa au kukaribia shingo au kidevu, hutoka kwa mkono mmoja, na haliruhusiwi kupelekwa nyuma ya mstari wa mabega. Anayelitupa kama jiwe huvunja kanuni hiyo, na utupaji wake hauhesabiwi. Isitoshe, uzito wote huangukia kiwiko na bega.

Fikiria gari aina ya Probox lililokwama kwenye tope huko Kieni wakati wa mvua za Aprili. Anayejua kusukuma hatumii mikono peke yake. Hukunja magoti, hukita miguu ardhini, huweka mwili karibu na gari, kisha hunyanyuka nalo. Mikono humalizia tu kazi iliyoanzwa na miguu. Tufe husukumwa vivyo hivyo.

Kabla ya mbinu, tuzungumzie uzito, kwa sababu hapo ndipo wengi huumizwa. Wanaume watu wazima hutumia tufe la kilo 7.26 na wanawake kilo 4. Katika mashindano ya kimataifa ya walio chini ya miaka 18, wavulana hutumia kilo 5 na wasichana kilo 3. Pakiti ya unga wa ugali ni kilo 2, kwa hiyo tufe la wanaume linazidi pakiti tatu na nusu. Mtoto wa darasa la sita hapaswi kuanzia hapo. Aanze na kilo 1 au 2, na kama hakuna tufe, shona mfuko mdogo wa kitambaa kigumu, ujaze mchanga na uupime kwenye mizani ya dukani. Mfuko wa mchanga una faida moja zaidi: ukianguka haubingiriki kuelekea kwa watu.

Sasa kushika. Tufe hukaa kwenye mashina ya vidole, si kiganjani. Vidole vitatu vya kati viwe nyuma yake, kidole gumba na cha mwisho vilishikilie pembeni. Liweke shingoni chini ya taya, kisha inua kiwiko kiende mbali na mbavu. Baada ya mazoezi jiangalie: shingo iwe na vumbi, kiganja kiwe kisafi. Ukikuta kinyume chake, ulilishika vibaya.

Anza kwa kutupa ukiwa umesimama, na ukae na hatua hii kwa wiki kadhaa. Maelezo yanayofuata ni ya anayetumia mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze. Simama ubavu wako wa kushoto ukielekea kule tufe linakokwenda, miguu ikiwa imepanuka kuliko mabega. Kunja goti la kulia, weka uzito wote juu yake, na ugeuze uso na kifua utazame nyuma. Kutoka hapo mguu wa kulia unasukuma ardhi na kuzunguka kuelekea mbele, nyonga inafuata, kisha kifua, na mkono unakuja mwisho kabisa. Mguu wa kushoto unakaa imara kama nguzo ya lango. Vidole vinalipa tufe msukumo wa mwisho.

Ukiona mkono umetangulia nyonga, rudia bila tufe. Rudia mara ishirini ikibidi.

Wengi hudhani tufe likirushwa juu zaidi litafika mbali zaidi. Sivyo. Tufe hutoka likiwa tayari juu ya bega, na mwili husukuma kwa nguvu zaidi kuelekea mbele kuliko juu, hivyo hata mabingwa hulitoa kwa pembe iliyo chini ya digrii 40.

Kuna njia mbili za kuongeza mwendo ndani ya duara. Ya kwanza ni kuanza ukiwa umegeuka nyuma na kuteleza kwa mguu mmoja hadi katikati. Mmarekani Parry O'Brien aliipa sifa miaka ya 1950 na kushinda nayo Olimpiki ya 1952 na ya 1956. Ya pili ni kujizungusha. Ryan Crouser wa Marekani huitumia, na mwaka 2023 alifikisha mita 23.56, takribani urefu wa matatu tano za viti 14 zilizopangwa foleni. Anayeanza asiharakie kuzunguka. Bila msingi wa kusimama, atapata kizunguzungu tu.

Je, inawezekana bila kocha? Julius Yego alijifunza mkuki kwa kutazama video kwenye intaneti, akawa bingwa wa dunia Beijing mwaka 2015 kwa mita 92.72. Mkuki ni fani nyingine, lakini simu inaweza kukusaidia nawe: mwambie mwenzako akurekodi kutoka ubavuni, kisha tazameni pamoja kama miguu ilianza kabla ya mkono.

Uwanja wa kujifunzia si ghali. Chomeka kijiti ardhini, funga kamba ya sentimita 107 na uchore duara. Kupata eneo la kutua, pima mita 10 kutoka katikati ya duara kwa pande mbili, alama hizo mbili zikiwa umbali wa mita 6 baina yao. Mistari inayopita hapo ndiyo mipaka. Ubao wa kuzuia mguu huwekwa mbele ya duara. Mguu unaweza kugusa upande wake wa ndani, lakini usiukanyage juu. Ukishatupa, subiri tufe litue, kisha toka kupitia nusu ya nyuma.

Usalama hauna mjadala. Tufe la kilo 3 likimpata mtoto kichwani linaweza kumuua. Asiwepo mtu mbele ya duara wala karibu na mistari. Wote watupe, kisha wote waende kuokota kwa pamoja, na tufe lirudishwe kwa kubebwa. Kulitupia mwenzako ni marufuku. Mwalimu mmoja asimamie eneo hilo muda wote, hata kama fainali ya mita 100 inaanza.

Mwezi wa Julai, ukungu na baridi vinapotanda kutoka Othaya hadi Karatina, ongeza muda wa kupasha mwili joto hadi angalau dakika 15, na uwe na kitambaa cha kufutia tufe. Likilowa huteleza shingoni, na udongo wetu mwekundu hulifanya kubwa kuliko lilivyo. Anayetumia kiti cha magurudumu naye ana nafasi katika mchezo huu: hutupa akiwa amekaa kwenye kiti maalumu kilichofungwa imara ardhini, na mazoezi ya kushika na ya kuanza kwa kifua ni yale yale. Kwa shule isiyo na tufe la uzito mdogo, mwalimu wa michezo aulize shule jirani kabla ya kuwapa wanafunzi lile la watu wazima.