Mngurumo Ndani ya Kikuza Sauti

Maikrofoni hutoa milivolti chache tu, na kikuzaji chake huzizidisha mara 1,000 hivi. Milivolti 1 ya mawimbi ya umeme ikipenya humo hutoka ikiwa volti 1: ndio ule mngurumo unaowaudhi wasikilizaji.

Mkondo geu wa mizunguko 50 kwa sekunde, ukinyooshwa kwa diodi nne, huacha mawimbi 100. Kapasita ya mikrofaradi 2,200 huyapunguza. Kidhibiti volteji LM317 huyatuliza zaidi. Lakini kosa la wengi limo katika waya mmoja. Kapasita hujazwa kwa mapigo mafupi, makali; waya wa volti sifuri wa kikuzaji ukianzia kati ya diodi na kapasita, mapigo hayo huingia katika sauti. Uanzie baada ya kidhibiti. Transfoma nayo ikae mbali: usumaku wake hauzuiliwi na kapasita yoyote. Nyaya za volti 230 azifunge mwalimu, si mwanafunzi.