Tarumbeta Hutaka Mwalimu wa Ana kwa Ana

Familia ya askari huijua sauti ya baragumu kuliko saa ya ukutani. Lakini ni wazazi wachache wanaofikiri kwamba ala za namna hiyo zaweza kumpa kijana wao ufundi wa maisha, iwapo atapata mwalimu wa kumsimamia.

Ufundi huu si mgeni kwetu. Watu wa Lamu walikuwa na siwa yao ya shaba kabla bendi za Kizungu hazijafika pwani. Katika miaka ya 1890, vijana wa pwani ya Kenya waliozisikia bendi hizo walianzisha ngoma ya beni, jina litokanalo na neno “bendi”. Baada ya Vita Kuu ya 1914–1918, vikundi vya Marini na Arinoti vilishindana katika miji mingi ya Tanganyika, na askari waliorejea makwao walikuwa miongoni mwa walioieneza beni.

Kwa wakazi wa Gatete, huko Rumonge kando ya Ziwa Tanganyika, ngoma ndiyo yenye heshima ya kwanza. Ngoma ya kifalme ya Burundi iliingizwa na UNESCO katika urithi wa binadamu mwaka 2014, na agizo la Rais la mwaka 2017 liliwakataza wanawake kuipiga. Tarumbeta haimo katika agizo hilo. Basi binti naye apewe nafasi sawa na kaka yake.

Mwanafunzi anayeanza asikabidhiwe tarumbeta siku ya kwanza. Kwanza afundishwe kuvuta pumzi hadi tumboni, kisha atetemeshe midomo ivume kama nyuki. Baadaye apewe kipande cha kupulizia peke yake, na ndipo ala nzima. Bomba la tarumbeta lina urefu wa karibu mita 1.4. Vibonyezo vyake ni vitatu: cha pili hushusha sauti nusu toni, cha kwanza toni moja, na cha tatu toni moja na nusu. Baragumu la kambini halina vibonyezo, ndiyo maana milio yake ni michache.

Hapa ndipo mwalimu anapohitajika. Mwanafunzi aliye peke yake, akitafuta sauti ya juu, huikandamiza ala mdomoni. Sauti hutoka, lakini mdomo huvimba, na mazoea hayo yakidumu misuli yaweza kuumia. Mwalimu aliye mbele yake huliona kosa hilo mara moja. Dakika 10 mara tatu kwa siku zafaa kuliko saa nzima mfululizo. Na apumzike kwa muda uleule aliopuliza. Mtoto ambaye meno yake ya mbele ya ukubwani hayajakaa sawa asubiri kwanza.

Aliyekwisha piga hatua ashike sauti ndefu, akianza kwa upole, akizidisha, kisha akipunguza. Abadili sauti kwa midomo bila kubonyeza, na aufunze ulimi kutamka “tu”, kisha “tu-ku” kwa mwendo wa haraka. Ajifunze pia kusoma noti. Kitabu cha mazoezi cha Mfaransa Jean-Baptiste Arban, kilichotolewa mwaka 1864, hutumika hadi leo.

Mama wa nyumbani naye ana neno. Kipande cha kupulizia kisipitishwe kinywa hadi kinywa bila kuoshwa kwa sabuni, kwani mafua na maradhi mengine huambukizwa kwa njia hiyo. Vibonyezo vitiwe mafuta mepesi maalumu. Mawese, ingawa ni tele Rumonge, huganda na kuvikwamisha. Ala ioshwe kwa maji ya uvuguvugu, si ya moto. Na mazoezi yasifanywe wakati majirani wamelala.

Mwalimu atoke wapi? Mara nyingi ni askari mstaafu aliyetumikia bendi. Mzazi apatane naye mapema juu ya malipo, siku na saa, hata kama ni nusu saa tu kwa juma. Mpulizaji huyo akiondoka bila kumfundisha mtu, ujuzi wa miaka mingi utazikwa pamoja naye, kwani jinsi ya kuweka mdomo na kuvuta pumzi haisomwi kitabuni tu. Samaki mkunje angali mbichi. Na fundi naye, mwulize angali hai.