Miti Yetu Inaibiwa: Tuongee Kabla Hatujashika Fimbo

Wamama wapenzi, na ninyi wababa mnaosoma gazeti hili wake zenu wakishalimaliza,

Juma lililopita hatukufungua sanduku la AVEC kwa saa yake. Mwenzetu mmoja, mjane mwenye shamba upande wa barabara ya Sake, aliomba ruhusa ya kusema, akasimama, akakaa kimya. Kisha akasema: "Nimeitwa kwa polisi." Sisi tuliojua kwamba yeye ndiye aliyeibiwa tulitazamana.

Habari yenyewe ni hii, na ametupa ruhusa tuiandike bila jina lake. Ana kipande cha miti ya mikaratusi aliyopanda na marehemu bwana yake mwaka 2013. Mwaka 2019 alikata mara ya kwanza, akauza miti ya kujengea na makala kidogo, na pesa hizo ndizo zilizomlipia binti yake mkubwa minervali hadi Eksetati. Visiki vikachipuka tena, kama mikaratusi inavyofanya ikikatwa vizuri. Miti hiyo ya pili ndiyo aliyokuwa anangoja kwa ajili ya wadogo wawili waliobaki.

Asubuhi moja akakuta miti 17 imelala chini, na mingine imekwisha kubebwa. Siku tatu baadaye, vijana wa jirani, ambao alikuwa amewaomba wamwangalilie shamba, wakamkamata msichana mwenye mzigo wa kuni mgongoni. Mama yetu alipofika mbio, msichana alikuwa amelala juu ya mawe ya volkano, mkono umevunjika. Ana miaka kumi na tatu. Mzigo wake ulikuwa wa matawi tu, yale yanayobaki wezi wanapoondoa shina. Hata kitawi kimoja kinene kama kifundo cha mkono wangu hakikuwamo.

Mama yetu ndiye aliyemchukua hospitali. Mpaka leo amelipa dola 45, na familia ya msichana imefungua mashtaka. Wezi wa miti 17 hawajulikani.

Nilikwenda kuona shamba Ijumaa, kwa sababu nilitaka kujua tunaongea juu ya nini. Na kusema kweli, visiki vyenyewe vinasimulia ukivitazama vizuri. Viwili vilikuwa vimekatwa kwa panga, juu kama goti, mbao imechanika: huyo ni mtu wa haraka, mwenye hofu, pengine mwenye njaa. Lakini kumi na tano vilikatwa kwa msumeno, chini kabisa, sawasawa kama meza. Huyo alikuwa na nafasi, alikuwa na mwenzake wa kushika upande wa pili, na alijua atauza wapi. Kwenye njia, pale majivu ya volkano ni laini, kulikuwa na alama ya gurudumu la chukudu, imezama sana kuliko chukudu tupu inavyozama. Chukudu ile nayo imetengenezwa kwa mti, labda wa mtu mwingine.

Kwa hiyo wezi ni wa namna mbili, na kosa letu Mugunga ni kwamba tunamkamata mmoja na kumwadhibu kwa kosa la mwingine. Mama au msichana mwenye mzigo mgongoni anakuja mchana, hana pa kujificha, na hakimbii kwa sababu mzigo ni mzito. Mwenye msumeno anakuja saa nane za usiku. Vijana wetu wanamkamata nani? Yule anayekamatika.

Wengine watasema: hawa ni watu wa kambi, wametumalizia miti. Sisi tuliozaliwa hapa tunajua historia hii, lakini watoto wetu wanaijua nusu. Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walipovuka mpaka, Mugunga ikawa kambi kubwa, na kila jiko katika kambi ile lilihitaji kuni kila siku. Walizitoa wapi? Katika Virunga, mbuga iliyoanzishwa mwaka 1925, ambayo mwaka ule ule wa 1994 iliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Na katika mashamba yetu. Novemba 1996 kambi ikavunjika. Kisha wakaja ndugu zetu wenyewe wa Masisi na Rutshuru, mwaka 2007 na 2008, tena mwaka 2012, tena tangu 2022, hadi Lac Vert, Bulengo na Lushagala zikajaa mahema. Februari 2025 kambi hizo zikavunjwa kwa siku chache. Mahema yaliondoka, na miti bado inaibiwa. Hilo peke yake linatosha kutuonyesha kwamba si kambi tu.

Na tusisahau walichopata wanawake wale walipokwenda kutafuta kuni. Mwaka 2023 Madaktari Wasio na Mipaka walisema wazi kwamba wanawake wengi waliowatibu kwa sababu ya ubakaji katika kambi zilizozunguka Goma walivamiwa walipokuwa wametoka kutafuta kuni na chakula. Baadhi yetu tunawajua kwa sura. Mama aliyechagua kuingia katika shamba lako na kuiba matawi alikuwa amepima: matusi yako, au wenye silaha kule mbugani. Wizi unabaki wizi. Lakini mwenye shamba ni vizuri ajue mtu aliyesimama mbele yake ametoka wapi.

Sasa sheria, maana katika mkutano kila mtu alikuwa avoka. Mmoja alisema miti yote ni ya Serikali. Mwingine alisema mwizi akishikwa ndani ya parseli yako, polisi hawakuulizi chochote. Wote wawili walikosea.

Ni kweli kwamba sheria ya 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali, na sisi tunapewa haki ya kuitumia. Lakini Kanuni ya Misitu ya 29 Agosti 2002, kifungu cha 9, inasema miti iliyo katika kijiji au karibu yake, au katika shamba la pamoja au la mtu mmoja, ni mali ya kijiji hicho au ya yule mwenye shamba. Kwa hiyo mikaratusi ya mwenzetu ni yake. Anayeikata bila ruhusa ameiba, na wizi katika kanuni ya adhabu ya nchi yetu unaweza kumfunga mtu hadi miaka mitano.

Shida ni kuonyesha kwamba shamba ni lako. Wengi wetu tuna karatasi ya kununua tu, iliyotiwa saini mbele ya shefu na mashahidi wawili, na mashahidi mmoja amekufa na mwingine amehama. Wenye hati ya usajili ni wachache. Wajane wengi wana karatasi yenye jina la bwana, na ndugu za bwana wanaitazama kwa jicho lingine. Mama ambaye karatasi yake ina matatizo anaogopa kushtaki wezi, asije akaulizwa maswali mengine. Wezi wanalijua jambo hilo kuliko tunavyofikiri. Ninaomba kila mmoja wetu atoe karatasi yake sandukuni juma hili, aipige picha kwa simu, na ampe mtoto wake au dada yake nakala.

Upande wa pili wa sheria ndio uliomfikisha mwenzetu pale alipo. Kupiga na kujeruhi ni kosa hata kama aliyepigwa alikuwa na mali yako mkononi. Na mtoto ni jambo lingine kabisa. Sheria ya kulinda mtoto ya 10 Januari 2009 inasema mtoto asiyefika miaka 14 hawezi kuhesabiwa kuwa na hatia ya jinai. Maana yake, mbele ya sheria, msichana yule hakuwa mwizi wa kufungwa. Waliomvunja mkono ndio wenye kesi. Vijana walisema, "Hatukumuuliza miaka." Ndiyo, hawakumuuliza. Na aliyewaweka pale walinde shamba sasa anaulizwa aliwaambia wafanye nini.

Goma tumezoea sana kusikia "mwizi!" na kila mtu anaokota jiwe. Mawe tunayo mengi, Nyiragongo imetugawia bila kupima. Nimeona mtu akipigwa karibu na soko kwa sababu ya simu, na baadaye simu ikapatikana ndani ya kitenge cha mwenyewe. Sisi wamama huwa tunasimama pembeni na kusema "basi, basi", kwa sauti ndogo.

Katika mkutano tulibishana karibu saa mbili. Mama mmoja, mwenye shamba kubwa kuliko letu, alisema huruma haisomeshi watoto, na hakukosea. Alipoteza miti zaidi ya 60 mwaka 2024 na hakuna aliyemlipa hata franka moja. Nilipenda alivyosema waziwazi, kwa sababu katika vikundi vyetu ni rahisi kuongea maneno mazuri mbele ya wote na kutuma vijana usiku. Mwishoni naye alikubali yale tuliyoyakubali, isipokuwa moja ambalo nitalisema.

Tulikubaliana kwanza kuhusu vijana walinzi. Anayelinda shamba la mwanachama wetu anashika, anapiga filimbi, anaita mwenye shamba na nyumba kumi, basi. Hapigi. Mwenye shamba ataandika mbele ya shefu wa kartie kwamba ndiyo amri aliyompa. Aliyeshikwa na msumeno au chukudu anapelekwa kwa OPJ pamoja na mali yenyewe, na picha ya visiki inapigwa siku ile ile, kabla mvua haijaosha alama. Mtoto anapelekwa kwa mzazi wake, na mzazi anaitwa kwa wazee tuongee.

Pili, kuhusu alama. Kila mti wa mtu utapakwa rangi kwa chini, kimo cha kiganja kutoka ardhini, na kila mwenye shamba atakuwa na rangi yake. Wauza mbao na wachoma makala wanaonunua kwetu wataonyeshwa rangi hizo. Hii haimzuii mwizi, lakini inamsumbua mnunuzi, na mwizi bila mnunuzi amebeba mzigo bure. Kuhusu ukuta wa mawe, mnajua wenyewe: mawe yapo, ni mikono tu. Juu yake otesheni ile miti yenye maziwa inayochoma macho.

Tatu ndilo lililoleta kelele. Jumatano na Jumamosi, saa mbili hadi saa nne za asubuhi, wamama na wasichana wanaohitaji kuni wataruhusiwa kuokota matawi makavu na yale ya kupogoa, katika mashamba ya wenye kukubali, bila panga. Mama wa miti 60 alikataa shamba lake kuingizwa, na ni haki yake. Lakini mwenzetu mjane, ambaye angekuwa wa kwanza kukataa, alikubali. Alisema mikaratusi inahitaji kupogolewa hata hivyo, na analipa mtu wa kufanya kazi hiyo. Akasema pia kitu ambacho hatukukitegemea: mama wa yule msichana, alipomkuta hospitali, alimwambia kwamba watoto waokota matawi wanajua chukudu zinapita wapi usiku na zinaishia kwa nani. Hakuna aliyewahi kuwauliza. Tumekuwa tukiwafukuza watu pekee walioona.

Jambo dogo la jikoni, kwa kuwa hili ni gazeti la familia. Maharagi yakilowekwa tangu jioni yanapunguza kuni sana, na ukifunika sufuria unapunguza tena. Mbabula ya udongo iliyojengwa vizuri inakula makala kidogo kuliko ile ya bati tupu. Nani asiyejua? Lakini hesabu magunia yako ya mwezi uliopita kabla hujanijibu.

Na kwa wale waliokatiwa miti: msing'oe visiki. Kisiki kilichochanika kikatwe upya kwa msumeno, chini, kwa kulala kidogo upande mmoja ili maji yateremke yasiozeshe. Yakitoka machipukizi kumi, acha mawili au matatu yenye nguvu, mengine yaondoe. Tangu mwaka 2007, mradi wa EcoMakala wa WWF umewasaidia wakulima wa Kivu ya Kaskazini kupanda miti ya makala katika mashamba yao ili Virunga ipumue, na wenye uzoefu wa mradi ule bado wako kati yetu. Waulizeni, wanapenda kuulizwa. Katika shamba la mwenzetu, visiki 15 vya msumeno vilikuwa vimekwisha toa macho mekundu nilipovitazama. Vile viwili vya panga bado.

Kesi inasikilizwa Jumanne. Wanane kati yetu tutamsindikiza, na familia ya msichana imekubali tukutane nao kwa wazee siku ya Jumatatu, kabla ya kesi. Dola 45 zitarudishwa nusu kutoka mfuko wetu wa msaada, nusu kutoka kwa familia za wale vijana. Wazazi wawili wamekwisha leta. Watatu hawajaleta, na wanajijua.

Mkutano ujao utakuwa saa nane, si saa tisa, na utafanyika shambani. Njooni na msumeno kama unao, na kila mmoja na karatasi ya shamba lake.